"Kazi ya Mungu haina makosa": jibu kwa baba aliyemzika binti yake

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Mwanza. Mwezi wa pili nilimzika binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa na sikoseli tangu utotoni. Msibani mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Shemeji yangu, ambaye ni Mwislamu, aliniambia ni kadari, nisubiri. Mzee mmoja wa ukoo akaninong'oneza kwamba mimi na mke wangu tuna jambo tumelificha, au kuna mtu kijijini wa kuangaliwa. Kama Mungu anaweza yote na ni mwema, mbona hakumponya? Nikiuliza hivi ninakufuru? Tena watu wakiniuliza nina watoto wangapi, nakwama. Tumebaki na mvulana mmoja.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Pole wewe, pole mama yake, na pole kijana wenu aliyebaki bila dada.

Nimefundisha falsafa ya dini kwa miaka mingi. Swali lako wanafunzi wangu hulijibu vizuri kwenye karatasi ya mtihani, kisha wakienda msibani hulijibu vibaya kama watu wengine wote. Mimi pia nimewahi kulijibu vibaya msibani. Kwa hiyo nitakwenda polepole, na nitaanza na yule mzee wa ukoo, maana maneno yake yanaweza kumwumiza mtu kabla hata hatujafika kwa Mungu.

Sikoseli haiingii nyumbani kwa dhambi wala kwa mkono wa jirani. Mtoto huugua akipokea kinasaba cha selimundu (ndiyo sikoseli kwa Kiswahili) kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye kimoja tu huwa mzima. Atalima, atacheza mpira, atazeeka bila kujua. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kuzaa mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kuzaa mtoto asiye nacho kabisa. Kwa hiyo mkeo hana lawama ya kukuzidi, nawe huna ya kumzidi. (Kijana wenu kama hajapimwa, mpelekeni. Hilo si la falsafa, lakini siwezi kuliacha lipite.)

Yesu aliulizwa swali la mzee wenu karibu neno kwa neno. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akawaambia si huyo, wala si wazazi wake. Imo katika Yohana sura ya 9. Na watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, katika Luka 13, aliwasemea vivyo hivyo: hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Ama huyo "mtu wa kuangaliwa", wewe unaishi Mwanza, unajua njia hiyo inaishia wapi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa jikoni walioupikia maisha yao yote. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba jamii nyingi za Kiafrika hazimtwiki Mungu ubaya. Ubaya huhesabiwa kwa mizimu, kwa wachawi, kwa binadamu wenzetu. Hilo nalo ni jibu la swali lako, tena lina akili yake: Mungu anabaki msafi. Anayelipa gharama ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Basi mtu asikwambie kwamba kubishana juu ya chanzo cha ubaya ni mchezo wa wasomi.

Sasa, unakufuru? Ukifungua vitabu vyenyewe utakuta waulizaji wamekutangulia. Ibrahimu alimkabili Mungu juu ya Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Katika Kurani, sura ya pili aya ya 30, malaika wenyewe ndio wanaouliza kwa nini awekwe duniani kiumbe atakayefanya uharibifu na kumwaga damu. Hawakufukuzwa kwa kuuliza. Waliambiwa kuwa Mungu anajua wasiyoyajua. Yesu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, na maneno hayo ni swali.

Halafu yupo Ayubu. Watu humkumbuka kwa subira, na washairi wetu wa Lamu na pwani walimtungia utendi kwa subira hiyo hiyo. Lakini soma sura ya 3 hadi ya 31 uone. Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anamshitaki Mungu, anadai kesi isikilizwe. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, ndio wanaomtetea Mungu: yeye hakosei, kwa hiyo umekosa wewe. Hotuba zao ni nzuri, nyingine ungeweza kuzihubiri Jumapili. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Nimeusoma mstari huo, 42:7, mara nyingi sana na bado unanishtua. Mlalamikaji ndiye aliyesifiwa.

Tuje kwenye hoja. Ulivyoiandika ndivyo ilivyo tangu kale. Huhusishwa na Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na David Hume wa Uskoti aliirudia katika kitabu kilichotoka mwaka 1779, miaka mitatu baada ya yeye kufa. Mungu anataka kuzuia ubaya ila hawezi? Basi ana udhaifu. Anaweza ila hataki? Basi ana roho mbaya. Anaweza na anataka? Basi ubaya umetoka wapi? Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa Mwaustralia, akaikaza zaidi: kusema Mungu ni mweza yote, ni mwema kabisa, na ubaya upo, ni kujipinga mwenyewe, sawa na mtu anayedai ana mstatili wenye pembe tatu.

Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mmarekani, alimjibu katika miaka ya 1970. Jibu lake lilikuwa refu na la kiufundi, na lilihusu zaidi hiari ya mwanadamu, ila kiini chake ni rahisi. Ili maneno hayo matatu yapingane, sharti uongeze la nne: kwamba aliye mwema huondoa kila ubaya anaoweza kuuondoa. Je, ni kweli? Nadhani wewe mwenyewe umewahi kumshika binti yako mikono miwili wakati muuguzi anatafuta mshipa wa kuwekea dripu. Alilia, ungeweza kumwachia, hukumwachia, na ulimpenda. Ikiwa kuna hata uwezekano tu wa Mungu kuwa na sababu ya namna hiyo, mgongano wa kimantiki haupo tena. Wanafalsafa wengi, hata wasioamini, wanakubali kwamba hapo Mackie alizidiwa.

Najua unachotaka kusema. Wewe ulimshika kwa sababu hukuwa na njia nyingine, na wewe hukuiumba ile mishipa. Ni kweli. Ndiyo maana Plantinga mwenyewe aliita kazi yake utetezi tu. Utetezi husema "huenda kuna sababu" na kukomea hapo. Kuitaja sababu yenyewe ni kazi nyingine, nayo ina jina lake tangu mwaka 1710, alipolibuni Leibniz wa Ujerumani: theodisia, yaani kumfanyia Mungu kesi mpaka ashinde. Msibani watu huruka kutoka utetezi hadi theodisia bila kujua wameruka. Wanaanza na "Mungu anajua", ambalo ni neno la unyenyekevu, na kabla ya chai wameshafika "Mungu alihitaji ua bustanini kwake".

Mimi huzipima theodisia kwa ugonjwa uliomuua binti yako, maana hapo nyingi huvunjika.

Hiari kwanza. Husemwa kwamba Mungu alitupa uhuru, nasi tukautumia vibaya. Linaeleza vita, linaeleza wizi wa dawa. Halielezi chembe ya damu inayojikunja kama mundu. Lina sehemu ndogo ya kweli, hata hivyo. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilipobomoka kwa tetemeko tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, Voltaire, mwandishi Mfaransa, aliandika shairi la kuwakejeli wanaodai kila kitu ni chema. Mwanafalsafa Rousseau akamjibu kwa barua mwaka uliofuata: si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Nasi tunaweza kujiuliza ni watoto wangapi wenye selimundu wanazaliwa bila kupimwa, na wangapi haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huo, haiwafikii. Sehemu hiyo ya mateso ni yetu. Iliyobaki, Rousseau haigusi.

Kuna wanaosema mateso hukomaza roho. Mwanafalsafa John Hick alilijenga hilo kwa ustadi mwaka 1966. Wapo watu waliokomazwa na mateso, nimewaona. Nimeona pia waliosagwa. Mtoto wa miaka tisa anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa anakomazwa ili awe nani, ikiwa hafiki kumi? Hick mwenyewe alikiri kwamba hoja yake haisimami bila maisha baada ya kifo. Nampenda kwa kukiri huko.

Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alisema ubaya si kitu, ni upungufu wa wema, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona. Ni hoja nzuri ya kukana kwamba Mungu aliumba ubaya. Mzazi wodini haitamfaa kitu.

Inabaki hoja ya kanuni za maumbile, na hapa lazima nikae, kwa sababu selimundu inaibana kuliko gonjwa jingine lolote ninalolijua. Inasema hivi: ulimwengu wenye kanuni thabiti ni bora, maana bila kanuni huwezi kulima, kupika wala kutibu, na kanuni ileile inayokupa moto wa kupikia itakuunguza ukiugusa. Sasa sikia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki mwaka 1949 akagundua kwamba kinasaba cha selimundu kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali nyanda za juu ni kichache. Akajiuliza kwa nini kinasaba kinachoua watoto hakijafa chenyewe. Mwaka 1954 alitoa jibu: mwenye nakala moja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi ndipo kinasaba kilipobaki, kwa sababu kiliokoa watoto wengi kuliko kiliowaua.

Wewe ni mbebaji; ndivyo hesabu inavyosema. Umekulia katika nchi ya malaria. Inawezekana kabisa kwamba uko hai leo, ukaoa, ukamzaa binti yako, kwa sababu ya kitu kilekile kilichomuua. Sikuandikii haya kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu mtu mwenye nia njema anaweza kukuletea habari hii siku moja kama faraja: unaona, hata sikoseli ina kazi yake, Mungu hakosei hesabu.

Hapo mkatalie. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kijiji. Kwa watoto wa wabebaji wawili, robo moja inaugua, nusu inakingwa, na kijiji kinapona. Lakini binti yako hakuwa robo ya kitu. Mfalme akimtoa mtoto mmoja ili watatu waishi, hatumwiti mwema, tunamwita mwenye mahesabu. Nimemsoma Marilyn McCord Adams, mwanafalsafa na kasisi wa Kianglikana, akilisema hili vizuri kuliko wote: haitoshi kuonyesha kwamba Mungu ni mwema kwa ulimwengu kwa jumla; lazima awe mwema kwa yule mtu mmoja aliyeteseka, ndani ya maisha ya mtu huyo huyo. Tangu nilipomsoma, hicho ndicho kipimo changu. Mtu akikuletea sababu ya kifo cha binti yako, uliza kama angeweza kumwambia binti mwenyewe, akiwa ameketi kitandani. Asipoweza, aende nayo.

Waislamu walilijua tatizo hili zamani, na shemeji yako angefurahi kukumbushwa. Husimuliwa kwamba al-Ash'ari, mwanateolojia wa Kiislamu, kabla hajaachana na mwalimu wake al-Jubbai kule Basra, alimuuliza juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, mmoja alikufa kafiri, mmoja alikufa mtoto. Mwalimu alikuwa wa Muutazila, kundi la wanateolojia waliofundisha kwamba Mungu lazima amfanyie kila mja lililo bora kwake. Mtoto atauliza, mbona sikupewa umri nikafikia daraja ya kaka yangu? Mwalimu akasema ataambiwa: nilijua ungekua ungeasi, nikakuwahi. Ndipo yule wa motoni atapaza sauti: ya Rabi, mbona mimi hukuniwahi? Mwalimu akanyamaza. Waislamu wa pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafii wanaofuata itikadi ya al-Ash'ari, kwa hiyo kisa hiki ni cha nyumbani. Al-Ash'ari hakuhitimisha kwamba Mungu si mwema. Alihitimisha kwamba hatuna mizani ya kumpimia. Nakubaliana naye nusu: mizani ya kumpimia Mungu labda sina, lakini ya kupimia maneno ya wanadamu juu ya Mungu ninayo, na yeye mwenyewe aliitumia siku ile kumnyamazisha mwalimu wake.

Shemeji yako anaweza pia kukutajia Suratul Kahf ya Kurani, pale mja yule ambaye wafasiri wengi humwita Khidhri anapomuua kijana, na baadaye anamweleza Musa sababu. Kisa hicho husomwa kama dawa ya maswali. Mimi nakisoma hivi: Musa, mtume, aliyekuwa amesimama palepale, hakuiona sababu mpaka alipoelezwa. Basi waombolezaji waliokaa kwenye turubai wameijuaje? Hakuna Khidhri kati yao.

Unaweza kunibana: kama hakuna anayeona sababu, si afadhali tukubali kwamba haipo? Hii ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko zote. Mwanafalsafa William Rowe aliiweka mwaka 1979 kwa mfano wa mtoto wa paa aliyeungua katika moto wa msituni, akalala siku kadhaa na majeraha hadi akafa, bila mtu wa kumwona wala kujifunza chochote. Rowe hasemi kuna mgongano wa kimantiki. Anasema kwamba mateso kama hayo yakirundikana bila sababu inayoonekana, ni busara kuamini kwamba mengine hayana sababu. Anayemjibu vizuri ni mwanafalsafa mwenzake Stephen Wykstra, na nitalisema jibu lake kwa mfano wangu. Ukichungulia zizi kutoka mlangoni usione ng'ombe, ng'ombe hayumo. Usipoona kupe, huwezi kusema kupe hawamo. Sababu za Mungu ni kama ng'ombe au kama kupe? Ikiwa Mungu yupo na akili yake iko mbali na yetu kama inavyosemwa, tungetarajia kutoziona.

Jibu hilo lina bei, na wanaolitumia hawaitaji mara nyingi. Kama siwezi kujua lipi ni baya kweli na lipi lina siri ya heri ndani yake, kwa nini daktari atibu? Huenda anaharibu mpango. Mimi ni muumini, na bado nasema kwamba hoja ya Rowe haijanitoka. Nadhani haithibitishi kwamba Mungu hayupo. Inathibitisha kwamba anayeamini anaamini huku ushahidi mwingine ukimvuta upande wa pili, na kwamba wema wa Mungu kwa binti yako, kama upo, haujakamilika katika miaka ile tisa. Wakristo na Waislamu wote wanadai kuna zaidi ya miaka tisa. Falsafa haiwezi kukuhakikishia hilo, wala haiwezi kulifuta.

Sasa mchungaji wako. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni binamu wa maneno ya Ayubu mwenyewe, sura ya kwanza: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ila angalia nani aliyeyasema. Aliyasema aliyefiwa, kinywani mwake, kabla ya siku zake za hasira. Maneno hayohayo yakitoka kwa aliyekuja kuhani na atakayerudi kulala kwake na watoto wake wote, yanakuwa maneno ya Elifazi. Sidhani mchungaji alikuwa na nia mbaya. Aliogopa ukimya, sote huuogopa. Na wale rafiki watatu hawakuanza vibaya: sura ya 2 inasema waliketi na Ayubu chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Makosa yao yalianza siku ya nane. Ukiweza, siku moja mwambie mchungaji kwamba ungependa aje akae tu. Ya shemeji kuhusu subira, yachukue. Subira haikukatazi kulia. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahimu alipokufa mchanga.

Kuhusu idadi ya watoto. Kitabu cha Ayubu kinaanza na hesabu: wana saba, mabinti watatu, kondoo elfu saba, ngamia elfu tatu. Vyote vinapotea. Mwishoni anarudishiwa maradufu: kondoo elfu kumi na nne, ngamia elfu sita. Lakini watoto anapewa wana saba na mabinti watatu, idadi ileile. Wapo wafasiri waliosema sababu ni kwamba mifugo iliyokufa imekwisha, ila wale watoto kumi wa kwanza bado ni wake, kwa hiyo kumi wengine ndio maradufu. Siwezi kukuapia kwamba mwandishi alikusudia hivyo. Lakini ukiulizwa, jibu wawili.